Kemo bila sura ya msiba: mwongozo wa mgonjwa na watu wake

Kila mara kuna mtu ananitumia meseji ileile, "nimepangiwa kemo jumatatu, nifanyeje?", alafu siku hiyohiyo mdogo wake au mume wake ananitafuta pembeni kimyakimya, "tumsaidieje, na tukicheka naye si ataona tunamdharau?" Nimechoka kujibu mmojammoja jamani. Naandika yote hapa kuhusu kemo, yaani zile dawa kali za kutibu saratani, yatakayobaki mtauliza. Mi nilipita raundi 6, kila baada ya siku 21, na kuna kipindi nilikuwa mkali kwa watu wangu kuliko ugonjwa wenyewe, kwa hiyo mengi hapa nimeyajua kwa kukosea.

Kabla hatujaanza, kucheka hakuponyeshi saratani. Akitokea mtu akakwambia ungepona haraka kama ungekuwa na mawazo mazuri, mpe faini (za faini nitaeleza mbele). Dawa inafanya kazi yake hata siku unayolia kutwa nzima. Utani kazi yake ni nyingine kabisa, unakufanya ubaki yule yule waliyekuwa wanamjua, wasije wakaanza kukuongelesha kama mtoto mchanga au marehemu mtarajiwa.

Na nadharia kidogo tu, maana bila hii hutaelewa kwa nini mdomo unauma wakati ugonjwa uko sehemu nyingine kabisa. Dawa za kemo zinawinda seli zinazogawanyika haraka. Seli za saratani ndo tabia yao, ila mizizi ya nywele, ngozi ya ndani ya mdomo, utumbo na uboho wa mifupa unaotengeneza damu nao ni hivyohivyo, basi zinapigwa zote. Zile nzima zinajijenga tena, ndo maana kuna mapumziko kati ya raundi na raundi. Imetosha.

Vya kuandaa kabla ya siku yenyewe

- Kipimajoto cha kwako mwenyewe. Sio cha jirani, sio "tutaazima". Hiki ndo kifaa namba moja kwenye list yote.
- Daftari na peni. Simu inaisha chaji na wewe utakuwa unasahau.
- Namba mbili za hospitali, ya mchana na ya usiku/wikiendi, ziandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ukutani kila mtu aone.
- List ya dawa zote unazotumia, pamoja na vitamini na mitishamba.
- Daktari wa meno ukimuwahi kabla ya kuanza ni vizuri sana, jino bovu katikati ya kemo ni balaa.
- Mswaki laini kabisa.
- Begi la siku ya dripu: chaja yenye waya mrefu, hedifoni, soksi, blanketi jepesi, maji, nguo yenye mikono mipana au vifungo mbele.
- Mashine ya kunyolea IKIWA NA CHAJI. Utaona kwa nini.
- Mtu mmoja wa kucheka naye. Mmoja anatosha. Awe anajua pia kunyamaza.

Hatua ya 1: Uliza kabla ya dripu ya kwanza

Nenda na mtu, yeye aandike we usikilize. Maswali ni haya: dawa zangu zinaitwaje kwa majina, raundi ngapi na kila baada ya siku ngapi, hizi zinanyoa nywele au hazinyoi (sio zote zinanyoa), nikipata homa usiku nimpigie nani. Na kuna swali moja watu wanaona aibu alafu wanakuja kulia baadae, la uzazi. Kama bado unataka watoto, mwanamke au mwanaume, uliza KABLA ya kuanza, kuna njia za kuhifadhi mayai au mbegu lakini nyingi zinataka zifanyike kabla. Na kwenye kipindi chote cha kemo mimba isiingie, ulizia njia ya kuzuia inayokufaa.

Mitishamba nayo itaje yote bila kuficha. Najua utaambiwa "ni ya asili, haina madhara". Sasa kuna dawa mbili za kemo, paclitaxel iligunduliwa kwenye gome la mti, vincristine inatoka kwenye ua dogo la bustanini lenye asili ya Madagaska, vitu vya asili kabisa, na uone vinavyonyoosha watu. Cha asili kinaweza kugongana na dawa yako au kuliumiza ini, mwambie daktari aamue.

Hatua ya 2: Chagua msemaji, gawa kazi kwa majina

Hapa ndo familia nyingi zinafeli. Watu 30 wanapiga simu siku moja, kila mmoja anataka habari kuanzia mwanzo, mgonjwa anasimulia mara 30 alafu anaishia yeye kuwabembeleza wanaolia. Chagua msemaji mmoja, afungue grupu la WhatsApp, habari zote zitoke kwake. Wa kwangu alikuwa mdogo wangu na alikuwa anaandika taarifa kama mtangazaji wa mpira, "raundi ya 3 imemalizika, mgonjwa ametapika mara moja, refa amepeta, mechi inaendelea". Watu wakajua hali ilivyo na wakajua pia kwamba kucheka kunaruhusiwa.

Alafu kazi. Ndugu, acheni kusema "ukihitaji chochote niambie". Najua mnasema kwa upendo ila mgonjwa hana nguvu ya kufikiria anahitaji nini, alafu aanze kuchagua nani asumbuliwe. Njoo na kazi yako mkononi: "alhamisi nakuja kufua", "watoto shule nawapeleka mimi wiki hii", "nakaa na wewe kwenye dripu saa nne mpaka saa nane". Msemaji aandike jina, siku na kazi kwenye grupu. Aliyeko mbali naye ana kazi, kutuma voisi noti za umbea. Sitanii, shangazi yangu alinitumia za dakika kumi kumi kuhusu majirani zake ambao siwajui hata mmoja, na mpaka raundi ya nne nilikuwa nafuatilia ndoa za watu kule kama tamthilia.

Hatua ya 3: Wekeni sheria za utani mapema

Msiziache zijitungie zenyewe, kaeni mzitaje.

Kwanza, mwenye mali ni mgonjwa. Akitania yeye, chekeni. Nyie msitangulie kutania upara wake au kutapika kwake mpaka yeye afungue mlango, na akishafungua wa upara haina maana amefungua wa titi au wa choo.

Pili, kuwe na neno la kusimamisha. Letu lilikuwa "kituo". Nikisema kituo utani unashuka palepale, hakuna kununa wala kuuliza "kwani nimesema nini". Kuna siku nilisema kituo saa mbili asubuhi na sikupanda tena mpaka kesho yake.

Tatu, faini. Sisi faini ilikuwa kuosha vyombo. Anatozwa anayeingia na sura ya msiba, anayesema "mbona umekonda hivyo", na anayeanza stori ya "kuna mtu nilimjua alikuwa na ugonjwa kama wako" ambayo mwisho wake ni kaburi. Baba mdogo mmoja aliosha vyombo wiki nzima.

Nne, na hii ni ya mgonjwa sasa, usimtanie daktari mpaka akashindwa kujua unaumwa. Raundi ya 2 mdomo wangu ulijaa vidonda, nilikuwa nameza mate kama nameza kokoto, na nilipofika kliniki nesi akauliza unaendeleaje nikamjibu "niko kwenye daiti, si mnaona nilivyo modo". Wote wakacheka. Yeye hakucheka, aliangalia mzani, kilo 4 zimeondoka, akasema "fungua mdomo". Alinisema nikaona aibu mbele ya watu, maana dawa ya kutuliza ilikuwepo siku zote na mimi nimekaa na njaa siku tisa nikichekesha watu. Kliniki soma kilichoandikwa kwenye daftari kwanza, kwa sauti, utani baadae.

Hatua ya 4: Siku ya dripu

Kunywa maji vizuri kuanzia jana yake kama hujakatazwa, na mikono iwe na joto, mishipa inaonekana kirahisi. Kula kitu chepesi kabla. Chakula unachokipenda kuliko vyote USILE siku hiyo, ukitapika nacho unaweza kukichukia miaka.

Watapima damu kwanza au watakuwa wameshapima. Kanula (kale kamrija ka kupitishia dawa kwenye mshipa) ikishaingia kuna kitu kimoja cha kukumbuka: dawa ikiwa inaingia ukasikia inachoma, inauma au pamevimba kwenye mkono, sema SEKUNDE HIYO. Usione haya kusumbua nesi. Baadhi ya dawa zikivujia nje ya mshipa zinaunguza nyama. Hivyohivyo ukisikia kifua kinabana, unawashwa au uso unapata moto ghafla.

Ile stendi ya dripu mi niliiita Mchumba. Ananifuata mpaka chooni, nikichelewa anapiga kelele, na tukiachana kidogo tu anaanza kulialia chaji imeisha. Mdogo wangu akija anamsalimia yeye kwanza. Inaonekana ni ujinga lakini masaa manne kwenye kiti kile ni marefu, na watu wa viti vya jirani wakaanza kuwapa za kwao majina, kuna mzee mmoja ya kwake aliiita Mdai.

Kwa wanaosindikiza: kukaa kimya kunaruhusiwa. Sio lazima mchekeshe masaa yote, zile dawa za kuzuia kutapika na mzio nyingine zinaleta usingizi, mwacheni alale.

Na kama dawa yako ni ile nyekundu, doxorubicin, mkojo utatoka mwekundu au wa chungwa siku moja au mbili. Niliambiwa, nikasahau, nikapiga kelele chooni mpaka watu wakataka kuvunja mlango. Kwenye daftari mdogo wangu aliandika: "Mkojo mwekundu. TULIAMBIWA. Acha kelele."

Hatua ya 5: Siku 5 za mwanzo nyumbani

Dawa za kichefuchefu meza kwa saa ulizopangiwa, hata kama unajisikia poa. Kosa la kila mgeni ni kusubiri kichefuchefu kije ndo ameze, kikishapanda kukishusha ni shughuli. Kula kidogokidogo mara nyingi, vya baridi au visivyo na harufu kali vinapita kirahisi (ila kama unapewa oxaliplatin vitu vya baridi acha siku hizo, vinaleta ganzi na kukaba koo). Wapishi, pikeni mbali na alipolala.

Mdomo usukutue mara kwa mara, kijiko cha chai kimoja cha chumvi na kimoja cha baking soda kwenye lita ya maji ya uvuguvugu, utemee nje. Zile dawa za kusukutua zenye alkoholi achana nazo, zinaunguza.

Choo: kwa masaa 48 hivi baada ya dripu dawa inatoka kwenye mkojo, kinyesi na matapishi. Funika choo, flashi mara mbili, nawa. Anayesafisha matapishi au kufua mashuka avae glavu, na mjamzito asipewe hiyo kazi. Tendo la ndoa siku hizo ni kwa kondomu. Kukumbatiana, kulala kitanda kimoja, kupakatwa na mtoto, hakuna tatizo, kemo haiambukizi. Narudia kwa sababu kuna watu wanamtengea mgonjwa sahani na kikombe, jamani hapana.

Hatua ya 6: Siku ya 7 mpaka ya 14 hivi, usiilegezee

Hapa utaanza kujisikia nafuu na ndo hapa kinga iko chini kabisa, seli nyeupe za damu zimeshuka. Wageni wenye mafua wasije, waambieni bila kuzunguka. Mikono kuosha ndo salamu ya nyumba hii. Chakula kiive vizuri.

Homa ikifika nyuzi 38 au unatetemeka kwa baridi, piga ile namba ya ukutani na uondoke kwenda hospitali, hata kama ni saa nane usiku, hata kama umeanza kujisikia vizuri. Usimeze panadol kwanza "tuone kama itashuka", itashuka kweli kwenye kipimajoto huku maambukizi yanaendelea ndani kimyakimya. Utani wote nilioandika hapa haugusi homa. Mtu wangu wa karibu nilimwambia hivi: nikiwa na 38 na nikakwambia niko sawa, usinisikilize, nibebe.

Hatua ya 7: Nywele

Kwa dawa zinazonyoa, mara nyingi zinaanza kutoka wiki ya 2 au ya 3 baada ya dripu ya kwanza. Mi siku ya 16 niliamka nikakuta mto una nywele kuliko kichwa. Mtoto wa dada yangu akauliza, "mama mdogo, nywele zako zimechoka?" Nikamwambia ndio, zimeomba likizo.

Ushauri wangu, nyoa mwenyewe kabla hazijaisha, na nyoa na watu wako. Sisi tulikaa uani, mdogo wangu na mashine, mama ndani amesema hataki kuona. Amenyoa upande wa kulia wote, akafika katikati ya kichwa, mashine ikafa. Chaji. Nikakaa pale dakika 40 nusu upara nusu msitu, kioo mkononi, upande mmoja mwanajeshi upande mwingine msusi. Tulicheka mpaka mama akatoka mbio akidhani tunalia, alipoona kichwa akaanza kulia yeye, alafu akacheka, alafu akachukua mashine ilipojaa akamalizia mwenyewe kwa mkono unaotetemeka. Hiyo ndo siku mama aliacha kuja chumbani kwangu na sura ya msiba.

Wigi, skafu, kofia au upara wazi, chaguo la mwenye kichwa. Nyusi na kope nazo zinaweza kuondoka, usishtuke. Kichwa kikinge na jua. Na nyie mnaotaka kunyoa wote ili kuonyesha mshikamano, muulizeni kwanza, wengine wanapenda na wengine wanaona wamezungukwa na vioo.

Hatua ya 8: Raundi ya pili ipange kwa daftari

Andika kila siku mstari mmoja: joto, umekula nini, kimeuma nini, mudi. Ukilinganisha raundi mbili utaona ratiba yako. Mi siku ya 3 na ya 4 nilikuwa wa kufa, siku ya 10 nadai chakula. Kwa hiyo wageni tulihamishia siku za mwisho kabla ya dripu inayofuata, na siku ya 3 kwenye kalenda mdogo wangu aliandika "usimwongeleshe, ameng'atwa".

Mambo yakigoma

*Natapika licha ya dawa.* Piga simu, dawa za kichefuchefu ziko za aina nyingi na zinabadilishwa. Kama hata maji hayakai, usivumilie zaidi ya siku moja.

*Choo kigumu.* Ondansetron (dawa ya kichefuchefu) inafanya hivyo, na vincristine pia. Maji, tembea kidogo, omba dawa ya kulainisha. Usijiwekee dawa za njia ya nyuma bila kuuliza.

*Naharisha.* Ikizidi mara 4 kwa siku juu ya kawaida yako, piga simu.

*Silali.* Kama unapewa dexamethasone (vidonge vya steroidi vinavyotolewa pamoja na kemo) ulizia kama unaweza kuzimeza asubuhi na mchana tu, ukimeza jioni utapanga upya makabati saa tisa usiku.

*Vidole vimekufa ganzi.* Sema mapema, dozi inaweza kurekebishwa. Vifungo vya shati mwachie mtu mwingine, na maji ya moto pima kwa kiwiko.

*Damu haijapanda (idadi ya seli zake bado iko chini), raundi imeahirishwa.* Inauma kisaikolojia kuliko kimwili, unakuwa umeshajipanga. Inatokea kwa wengi, sio umefeli mtihani. Msemaji awajulishe watu ili asije mtu kuuliza "eeh, imekuwaje leo".

*Nasahau sana.* Ukungu wa kichwa ni kitu kinachojulikana. Daftari. Nilishatafuta simu huku naimulikia tochi yake.

*Rafiki kapotea.* Atakuwepo mmoja, labda yule uliyemtegemea zaidi. Wengine wanaogopa tu. Mtumie kazi ndogo moja kupitia msemaji, asipojibu endelea na waliopo.

*Anayenihudumia kachoka.* Ataanza kufoka kwa vitu vidogo. Apate siku moja kwa wiki isiyo na ugonjwa kabisa, mtu mwingine ashike zamu, na asiulizwe alikokuwa.

*Hakuna kinachochekesha tena.* Siku mbili tatu, sawa, acha zipite. Ikifika wiki mbili hutaki kitu, hutaki mtu, unawaza kufa, mwambie daktari kama unavyosema kuhusu homa, nayo ina matibabu.

*Nimemaliza raundi zote na nalia badala ya kufurahi.* Wengi hivyo. Wiki nyingi ulikuwa na ratiba na nesi wa kukuuliza, ghafla kimya. Msemaji asifunge grupu siku hiyohiyo, kazi ziendelee mwezi au zaidi maana uchovu hauondoki na dripu ya mwisho. Nywele zangu zilianza kuonekana kama wiki ya sita, laini kama za kifaranga, na zimekuja zimejikunja tofauti na za zamani. Mdogo wangu alizipapasa akazikagua, akaenda ndani akarudi na ile mashine, akanionyesha taa ya kijani. "Ipo mia kwa mia," akasema, "ukizichoka sema."